Tusi Moja kwa Valdomar

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Naliweka wazi mapema ili usihangaike kumtafuta, maana katika kisa hiki wapo kadhaa wanaofanana na wajinga: mpiga viatu rangi, mama mchoma samaki, dereva wa teksi, na Dokta Taborda wa televisheni aliyefunga tai katika joto la Juni. Wote hao walikuwa na akili zao timamu. Mjinga alikuwa yule aliyevaa koti la mkia na glavu nyeupe, akikimbia barabarani Lisbon saa tisa unusu alasiri huku akiwaomba wapita njia wamtukane.

Jina langu la ubatizo ni Belarmino Quaresma, mtoto wa mfuma sufu wa Covilhã, kule milimani ambako baridi huingia hadi ndani ya godoro. Lakini mwaka huo wa 1977 hakuna aliyeniita hivyo, isipokuwa mke wangu akikasirika. Ureno nzima ilinijua kwa jina la Valdomar. Nilikuwa nimeipita njia yote. Nimetoa yai kwenye kofia katika sikukuu za watakatifu vijijini, mbele ya watu waliotaka nilirudishe kwa kuwa lilikuwa lao. Nimelala chini ya gari la sarakasi pamoja na mbuzi aliyejua hesabu kumshinda mwenye sarakasi. Kule Guarda niliipoteza saa ya mkuu wa mji, ikagoma kurudi. Niseme tu kwamba nilipigwa makofi miaka mingi kabla sijaanza kupigiwa. Ndipo televisheni ikanichukua. Jumapili kumi na moja mfululizo mikahawa ilijaa, watu wamesimama juu ya viti kuniangalia nikimtowesha mwanamke ndani ya sanduku.

Mwanamke huyo alikuwa Idalina, mke wangu. Jumapili ya kumi na mbili iliangukia mkesha wa Mtakatifu Antoni, na asubuhi yake Idalina aliweka kikombe cha kahawa mbele yangu kwa kishindo. Ningepaswa kuelewa hapo hapo. Mtu aliyezoea kutoka sandukuni bila kusikika hawezi kupiga kikombe mezani kwa bahati mbaya.

"Belarmino," akasema.

Nikaweka mkate chini. "Nimekosa nini tena?"

"Leo nataka jina langu."

"Jina si unalo? Idalina. Zuri, hata padri alilisifu."

"Nalitaka kwenye kioo. Pale wanapoandika *Valdomar na Msaidizi Wake*, waandike *Valdomar na Idalina Serrano*."

"Sikiliza, mama. Watu hawaji kumwona anayetoweka. Wanakuja kumwona anayemtowesha. Anayetoweka ana haja gani na jina, na kazi yake ni kutoonekana?"

Lilinitoka tamu sana, nikacheka peke yangu. Idalina alikusanya makombo ya mkate kwa kiganja, taratibu, akayatupa dirishani kwa njiwa.

"Miaka kumi na sita natoweka," akasema. "Jina lisipotajwa leo, kesho navuka mto naenda Setúbal kwa dada yangu. Duka lake la vitambaa linataka mtu wa kusimama kaunta. Huko nitaonekana kutwa nzima."

"Maneno ya mkesha hayo. Kesho utakuwa umesahau."

"Haya," akasema, na akaenda kupiga pasi gauni lake.

Nilijua alichokishika mkononi. Siku hiyo Dokta Taborda alikuwa anaamua kama atatupa Jumapili zote za mwaka au atatuambia kwaheri, na alichokipenda ni sanduku tu. Bila Idalina hakuna sanduku, na bila sanduku mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minane mwenye njiwa wawili na karata. Nililijua hilo, lakini mtu akizoea kudanganya macho ya wenzake, ya kwake hujidanganya yenyewe bila kulipwa.

Sasa niseme kuhusu asante.

Kwetu kila mwenye tai na cheti huitwa daktari, na huyu Dokta Taborda, mwongozaji wa kipindi, hajapata kutibu hata kuku. Wiki nzima alikuwa ananifunza adabu. "Valdomar," alikuwa akisema, "enzi za mchawi wa kukodoa macho zimekwisha. Tangu Mapinduzi ya mwaka sabini na nne watu wanataka mtu mpole. Shukuru! Mshukuru mwenye taa, mshukuru mwenye kinanda, mshukuru bibi aliyekaa nyumbani anamenya viazi." Nikajizoeza. Nilishukuru mchinja nyama, nilishukuru kondakta wa tramu. Kufikia Ijumaa nilikuwa nashukuru hata mlango ukifunguka.

Na watu wa jukwaani wana mwiko mmoja. Kabla ya pazia hatutakiani heri, kwa sababu heri ya namna hiyo huleta nuksi. Tunaambiana "Mavi tele!" Ni salamu ya tangu enzi za magari ya farasi: mavi yakijaa mlangoni ujue magari yamejaa, na ukumbi umejaa. Inatolewa kwa upendo, na watu wazima wenye heshima zao. Ila usijibu asante. Kohoa, kaa kimya, mrudishie mwenzako mavi yake, lakini usishukuru. Ukishukuru umeyazoa yote na kuyatupa, na bahati yako imo humo.

Saa tisa na robo nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, ukumbi wa Alizeti pale Parque Mayer, mtaa wa kumbi za maonyesho. Mfukoni mwa kizibao nilikuwa na pini ya chuma, ndogo kama kucha. Sanduku letu lilifanya kazi kwa pini hiyo, na kazi yangu ilikuwa kuipachika mahali pake dakika kumi kabla ya kuanza. Mahali gani, sikwambii. Kiapo ni kiapo. Akapita Dona Graciete, mtunza mavazi, bibi wa miaka sabini, sindano zimejaa mdomoni.

"Mavi tele, Valdomar mwanangu!"

"Asante sana, mama," nikasema, na tabasamu juu.

Fundi wa taa akashuka ngazi hatua mbili na kubaki hapo. Dona Graciete akatema sindano moja baada ya nyingine kwenye kiganja, kama anayehesabu maiti.

"Umesemaje?"

"Sijasema kitu."

"Umesema asante."

"Limeniponyoka! Ni huyu Taborda na adabu zake!"

"Yesu na Maria," akasema. "Moja kwa moja kwenye televisheni, nchi nzima inaangalia, na sanduku."

"Kuna dawa? Dona Graciete, dawa lazima ipo."

Akafikiri. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kuwanong'onezea waigizaji maneno waliyoyasahau, kwa hiyo bibi huyu alijua kila nuksi kwa jina lake. "Mume wangu yalimpata Porto," akasema. "Akatoka nje, akatafuta mtu asiye ndugu wala rafiki, amtukane. Tusi la kweli, la kutoka tumboni. Akarudi, mambo yakaenda."

"Basi nitukane wewe."

"Mimi na wewe tumezoeana. Mimi nikikutukana ni mazungumzo tu."

Nikatazama saa. Tisa na dakika kumi na nane, na kipindi ni saa kumi kamili. Nikakimbilia mlango wa nyuma, na Idalina, gauni la fedha limeshamkaa, akatoa kichwa chumbani mwake.

"Unakwenda wapi? Pini umeshaweka?"

"Naenda kutukanwa, narudi sasa hivi!"

"Haya," akasema. Hiyo ilikuwa haya ya pili siku hiyo, nayo sikuisikia.

Nje jua lilikuwa kali. Mitaa yote ilikuwa inajiandaa kwa usiku wa Mtakatifu: watu wanafunga mapambo ya karatasi kutoka dirisha hadi dirisha, wengine wanauza vyungu vya mrihani, majiko yanawashwa. Niliona kazi ni nyepesi. Lisbon, mkesha wa sikukuu, joto, watu wamekunywa divai tangu mchana: ukitaka tusi, nyoosha mkono tu.

Langoni alikaa mpiga viatu rangi, kaka mwenye masharubu, mdomo mchafu unaojulikana mpaka bandarini. Nikamsimamia.

"Ndugu yangu, nitukane."

Akainua macho. "Bwana Valdomar! Kaa, kaa nikung'arishie, bure!"

"Sitaki rangi. Nataka tusi. Lolote."

"Mimi? Nikutukane wewe?" Akashika kifua. "Binti yangu alikuwa haongei. Miaka minne haongei. Jumapili ile ulipomtoa njiwa kwenye mkate akasema 'njiwa'. Nikutukane? Mkono wangu ukauke!"

"Basi hata mpumbavu. Sema 'mpumbavu'."

"Mtakatifu mkubwa," akasema, macho yamemjaa maji, na akaanza kuking'arisha kiatu changu kwa nguvu hata sikuweza kuuvuta mguu. Dakika tatu hizo. Nikatoka hapo na kiatu kimoja kinachong'aa na kingine cha vumbi.

Nikamwona mama anayepepea mkaa, sardini zimepangwa kwenye wavu. Nikaamua kuacha kuomba na kuanza kuchokoza. Nikasimama mbele ya jiko lake na mikono kiunoni.

"Mama, samaki wako wananuka! Wamelala tangu jana!"

Akaacha kupepea. Nikajiandaa, nikafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

"Ermelinda!" akamwita jirani yake aliye dirishani. "Ermelinda, njoo umwone Valdomar! Kaniambia samaki ni wa jana! Amejuaje? Hata mume wangu sijamwambia!"

"Anasoma akili huyo!" akajibu Ermelinda kutoka juu. "Mwulize kuhusu bahati nasibu!"

"Mama, nakuomba. Nimekutukania samaki. Nitukane na wewe, tuwe sawa."

"Mwanangu una njaa wewe, umepauka." Akanitia sardini juu ya mkate, akanishikisha mkononi, na mafuta yakatiririka kwenye glavu nyeupe. "Kula. Na Mungu akulinde, wewe na yule binti wa sandukuni, jina lake nani vile?"

Nilikuwa natazama saa: kumi kasoro dakika kumi na mbili. Nikala nikikimbia, sikuwa nimekula tangu ule mkate wa asubuhi.

Ilibaki dawa moja ya uhakika, nayo ni dereva wa teksi. Dereva wa teksi wa Lisbon humtukana hata marehemu, jeneza likimkatia njia. Nikafika barabara kuu, nikaiona moja inashuka kwa kasi, ile nyeusi yenye paa la kijani, nikaruka katikati ya barabara na kunyoosha mikono. Breki zikalia, gari likasimama shibiri moja na magoti yangu. Kichwa kikatoka dirishani, chekundu, mishipa imetutumka, mdomo umeshafunguka, na nililiona tusi lenyewe linakuja, liko kwenye ulimi, la kizazi cha tatu mpaka cha nne.

"Wee mwana wa..." Akasita. "Aa! Si Valdomar huyu?"

"Siyo! Malizia! Mwana wa nani?"

"Mwana wa mama mwenye baraka! Mwalimu! Pita, pita, barabara yako!" Akashuka, akaacha mlango wazi, na magari yote nyuma yake yakasimama. Akatoa kalamu. "Nisainie hapa, kwenye leseni. Mke wangu hataamini."

"Una wazimu? Umeziba njia!"

"Wangoje!" Akawageukia waliokuwa wanapiga honi nyuma. "Mngoje, mbuzi ninyi, wana wa mabaradhuli, hamwoni Valdomar?"

Wote walitukanwa, safu nzima hadi mwisho wa barabara. Nilikosa mimi tu. Nikasaini, nikakimbia.

Nilipoingia ukumbini kengele ya mwisho ilikuwa inalia. Dokta Taborda alinishika bega, akanigeuza kuelekea jukwaa kama anayesukuma kabati. "Sekunde arobaini! Mbona unanuka samaki?"

"Asante," nikasema.

Kwenye televisheni ndogo ya pembeni niliona maandishi yakipita: *Valdomar na Msaidizi Wake*. Idalina alikuwa amesimama upande wa pili wa jukwaa, naye anasoma hayo hayo. Hakunitazama.

Njiwa walifanya kazi yao. Karata zilifanya yake. Nilimshukuru mwenye kinanda, nilimshukuru bibi wa viazi. Halafu likaja sanduku, kasha kuukuu la sufu nililolitoa kiwandani alikofanya kazi baba, Covilhã. Idalina akaingia kwenye gunia, nikafunga mdomo wa gunia kwa kamba, nikamshusha sandukuni, nikafunga kifuniko, nikazungusha mnyororo na kutia kufuli. Kawaida yetu ilikuwa hivi: nikipiga makofi mara ya tatu, nasikia chini ya ubao kisigino kinagonga mara mbili. Maana yake ametoka. Hapo nafungua sanduku tupu, na yeye anatokea nyuma ya ukumbi, kati ya watu.

Nikapiga makofi. Moja. Mbili. Tatu.

Kimya.

Nikapiga tena, eti kwa madoido. Kimya. Nikaweka mkono kiunoni kwa mikogo, na kidole kikagusa kitu mfukoni mwa kizibao. Kitu kidogo, cha chuma, kama kucha.

Nimepata kusimama mbele ya watu waliolewa na mbele ya mkuu wa mji aliyeibiwa saa. Sijapata kusimama mbele ya kimya kama kile. Jasho lilinishuka mgongoni, likanitambaa hadi miguuni. Kamera ilikuwa inanitazama kwa taa yake nyekundu. Nchi nzima iko nyuma ya taa ile, na mke wangu yuko ndani ya gunia, ndani ya kasha, chini ya kufuli. Naye Taborda pembeni ananiashiria kwa mikono: endelea, endelea!

Hapo sanduku likagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo, ngo, kwa adabu, kama mgeni anayebisha.

"Belarmino," likasema.

Ukumbi ukaguna. Kumbe Valdomar ana jina jingine!

"Nakusikia," nikasema.

"Waambie hapo ukumbini nani yuko humu."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, meno tu. "Yumo msaidizi wangu, mabibi na mabwana."

"Humu hakuna mtu wa jina hilo," sanduku likasema. "Umekosea nyumba."

Kicheko kikapanda hadi ghorofani. Mama mmoja wa safu za mbele akapiga kelele: "Jina lake nani, baba?"

Nikamjibu: "Idalina."

"Idalina wangapi wako Ureno hii?" likauliza sanduku.

"Idalina Serrano!"

"Sauti, bwana! Kule Setúbal dada yangu hajasikia."

"IDALINA SERRANO!" nikanguruma, na ukumbi wote ukarudia pamoja nami, wakipiga miguu sakafuni.

"Sasa waambie tulikutana wapi. Na usiongeze chumvi."

Ningefanya nini? Nikasema. Nikawaambia kwamba mwaka 1961 nilifukuzwa na sarakasi pale Viseu, sina kitu ila koti la mkia lililochanika kwapani. Kwamba nililipeleka kwa mshonaji, binti wa miaka ishirini na mitatu, naye akauliza kwa nini mikono ya koti ina mifuko kumi na mmoja, nikasema ni siri. Kwamba kesho yake alinirudishia koti likiwa na mifuko kumi na minne, akasema, "Hiyo mitatu ulikuwa unaihitaji, hukujua tu." Nikawaambia kwamba wiki ile tulikula supu ya sukumawiki isiyo na soseji, na kwamba yeye ndiye aliyebuni namna ya kutoka sandukuni, maana mimi wazo langu lilikuwa la kuingia tu. Sikuwahi kulisema hili mbele ya mtu. Nilijisikia linanitoka kama kitambaa kirefu mdomoni, ukishavuta ncha hakiishi.

Nilipomaliza, watu walikuwa kimya kabisa. Na sanduku nalo.

"Idalina?" nikasema.

Hakuna jibu.

Nikajua amezimia humo. Hewa imekwisha. Nikaanguka magotini, nikatia ufunguo kwenye kufuli ukateleza, nikatia tena, glavu zina mafuta ya sardini, nikazivua kwa meno. Mnyororo ukaanguka, nikainua kifuniko.

Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri, kama shuka zinazotoka kupigwa pasi. Ndani hapakuwa na mtu.

Pini iko mfukoni mwangu. Nikaigusa tena. Ipo.

Miaka thelathini ya kazi hii sijawahi kushangaa. Nimewashangaza askofu, askari na watoto yatima, mimi mwenyewe nikihesabu sekunde tu. Siku ile nilibaki nimepiga magoti, mdomo wazi, macho kama ya chewa gengeni, na kamera ikanisogelea mpaka uso wangu ukajaa kwenye kila kioo cha Ureno. Watu bado hunisimamisha njiani kuniuliza niliufanyaje uso ule. Nawaambia ni siri.

"Niko hapa!" ikasema sauti ya nyuma ya ukumbi. Idalina alikuwa amekaa kati ya familia moja ya mtaa wa Alfama, nywele zimemwangukia upande mmoja, chungu cha mrihani mapajani, anapapasa majani kwa kiganja na kunusa kiganja, kama inavyotakiwa, maana mrihani wa Mtakatifu hausogezewi pua. Paa la Alizeti lilikaribia kung'oka kwa shangwe.

Saa moja baadaye tulikuwa kwenye mkahawa wa mlango wa pili: mimi, Idalina, Dona Graciete na Dokta Taborda aliyelegeza tai hatimaye. Sahani za sardini zilikuwa mezani. Sikuzigusa.

"Umenidhalilisha," nikamwambia Idalina. "Mbele ya nchi nzima."

"Si ulitoka mbio kutafuta wa kukutukana?" akasema, akimenya samaki. "Umezunguka Lisbon yote, na mke unaye nyumbani."

"Lazima awe mtu asiyemjua," Dona Graciete akasahihisha, maana katika mambo ya nuksi hakuwa na mchezo.

"Basi ilikuwa halali. Huyu tumeanza kujuana leo."

"Wewe subiri," nikasema. Nikaweka pini juu ya meza, katikati ya mifupa ya samaki. "Hii nilikuwa nayo mimi. Ulitokaje?"

Idalina akapeleka mkono kichwani, akachomoa kibanio cha nywele, akakiweka kando ya pini. Kilikuwa kimepindwa ncha, na ule mpindo ulikuwa umesuguliwa ukang'aa kama pete ya ndoa ya zamani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Viseu. Unafikiri umesahau pini leo tu? Coimbra ulisahau. Évora mara mbili. Kule Braga uliiweka, ila kichwa chini miguu juu."

"Kwa hiyo ungeweza kutoka muda wowote!"

"Muda wowote."

"Na ukakaa humo ukiniacha natokwa jasho!"

"Kulikuwa na ubaridi mzuri," akasema.

Dokta Taborda akagonga glasi kwa uma. Alikuwa anang'aa kama kile kiatu changu kimoja. "Wanangu, simu hazinyamazi. Ule uso! Ule uso, Valdomar! Mnapata Jumapili zote za mwaka. Ila nawataka wote wawili, na kwenye kioo yawe majina mawili."

Meza nzima ikanigeukia. Kila kitu nilichokuwa nakihangaikia tangu asubuhi kilikuwa hapo, kimemenywa na kuwekwa kwenye sahani, nilichotakiwa ni kufunga mdomo na kula. Lakini nilikwambia mwanzoni mjinga wa siku hiyo nani.

"Sawa," nikasema. "Liandikwe. Lakini langu liwe juu, lake chini, herufi ndogo kidogo. Sisemi kwa ubaya. Ni utaratibu wa kazi. Mwisho wa yote, mimi ndiye ninayemtowesha."

Dona Graciete akajipiga msalaba. Idalina akafuta vidole kimoja kimoja, akachukua kibanio chake mezani, akakirudisha kwenye nywele bila haraka, na pini yangu akaniachia.

"Kutoweka natoweka mwenyewe, Belarmino, leo umejionea. Wewe sema kama unajua kunirudisha."